Sahani Niliyoiacha Imefunikwa

Diploma yangu inaning'inia ukutani kwa mama, mjini Kasongo, juu ya magunia ya mpunga. Nimeitia plastiki ili panya wasiisome kabla ya wageni. Nataka ieleweke tangu mwanzo kwamba hakuna mjomba wala padri aliyenisomesha. Miaka mitatu yote niliyokaa Bukavu nilisuka nywele za wenzangu kila mwisho wa juma, na asubuhi za masomo nilikaanga maandazi, nikayauza mlangoni pa darasa, nikafunika beseni, nikaingia kusoma pamoja na watu waliokuwa bado wanatafuna. Katika somo la maadili ya kazi nilipata kumi na saba kwa ishirini. Alama hiyo nitaitaja tena, kwa sababu ndiyo iliyoniponza.

Siku niliporudi nilimwambia dereva wa pikipiki, motari kama tunavyowaita, anishushe sokoni, si nyumbani. Mtu aliyefaulu akishushwa mlangoni kwao, nani atamwona? Nilitembea polepole kati ya wauza samaki na wauza mawese, bahasha kubwa kwapani, nikasalimia hata watu nisiowapenda. Mama alipotoka kunipokea aliniuliza kama nimekula. Nikamwambia nimeleta diploma.

"Diploma nimeiona," akasema. "Miye niliuliza kama ulikula."

Nilimhurumia. Nilijiambia kwamba mama hakusoma.

Baada ya wiki chache nikapata kazi katika ofisi ndogo, biro kama watu wanavyoiita, meza mbili na kabati moja, inayoshughulikia watoto waliopotezana na ndugu zao. Kesi yangu ya kwanza ilikuwa ya msichana wa miaka tisa. Wazazi wake walikuwa wamefariki kwa kufuatana, mwaka mmoja, na baadaye watu wa kijiji chao walipokimbia vita, mtoto alijikuta kwenye kundi moja na nyanya yake kwenye kundi jingine. Familia moja ya Kiislamu ya Kasongo ilimchukua ikamlea vizuri. Nyanya, au koko kama tunavyosema kwetu, alikuwa amerudi kijijini upande wa Kabambare, na alimuuliza kila motari aliyepita kama hajamwona mtoto mwenye kovu dogo juu ya jicho. Ndivyo alivyopatikana. Kazi yangu ilikuwa kwenda kuiona nyumba ya koko, kujaza fishi, yaani fomu, na kupata sahihi ya chefu, mkuu wa kijiji, kwamba mtoto atapokelewa. Haraka ilikuwepo. Ile familia ya Kasongo ilikuwa inahamia Kindu mpunga ukishavunwa, na kama karatasi hazijakamilika mtoto angekwenda nao, mbali zaidi na koko yake.

Kwangu hiyo ilikuwa kazi ya asubuhi moja. Niliondoka na viatu vyeupe.

Motari wangu alikuwa kijana wa njia hiyo ya Kabambare, anayejua kila shimo kwa jina la aliyeangukia humo. Tulipofika Lusangi viatu vilikuwa rangi ya udongo, na kwenye madaraja ya magogo nilishuka nikatembea peku, fishi kichwani. Karibu na kijiji gurudumu lake lilitoboka, akanionyesha nyumba, akabaki nyuma akiziba. Jambo hili dogo lilikuwa na matokeo makubwa, maana motari huyu hajawahi kukataa chakula cha mtu yeyote, na angekuwapo asingeniachia nafasi ya kuharibu.

Koko alikuwa mwembamba, mfupi, na uwanja wake umefagiwa mpaka mistari ya fagio inaonekana. Alikuwa ameazima kiti. Nilijua ni cha kuazima kwa sababu mwenye kiti alikuja naye, akasimama karibu kukiangalia. Majirani wengine walisimama kwenye uzio. Koko akaketi kwenye mkeka, akaniangalia usoni, na kabla sijafungua kalamu akauliza:

"Amekuwa murefu?"

"Madamu," nikamjibu, "tumalize kwanza sehemu ya kwanza."

Naandika maneno hayo jinsi nilivyoyasema. Sehemu ya kwanza ilikuwa jina, umri, idadi ya vyumba na aina ya choo.

Alijibu kila kitu kwa neno moja moja. Tulipofika sehemu ya tatu aliinuka, akaingia jikoni, akarudi na sahani iliyofunikwa kwa sahani nyingine yenye maua ya bluu pembeni, na birika la maji ya kunawa. Akaiweka mbele yangu kwa mikono miwili. Hapo kumi na saba kwa ishirini zikapanda kichwani. Daftari langu la maadili lilisema waziwazi: mtaalamu hapokei chakula, kinywaji wala zawadi kutoka kwa anayemhudumia.

"Asante, lakini siruhusiwi."

"Nani anakukataza?"

"Kazi."

"Kazi," alirudia, akaiacha sahani palepale.

Kama ningeishia hapo labda ningesamehewa. Lakini saa saba ilipofika njaa ilinibana, na kwa kuwa maadili hayakukataza chakula cha mtaalamu mwenyewe, nilitoa kwenye mkoba pakiti ya bisikuti na chupa ya maji niliyoibeba kutoka Kasongo. Nikala bisikuti sita, nimekaa kwenye kiti cha jirani, ndani ya uwanja wa koko, mbele ya sahani yake. Makombo nilikusanya vizuri kwenye karatasi. Niliona mwenye kiti, mwanamke mnene mwenye kitambaa cha manjano, akimwegemea mwenzake na kumwambia kwa Kibangubangu: "Huyu ameona kitu." Nakielewa Kibangubangu, ndicho anachotumia mama kunigombeza. Nilifurahi. Niliamini wanasifu umakini wangu.

Chefu hakuwapo, nikamwachia karatasi ya sahihi, motari aipitie safari yake inayofuata. Kwenye fishi niliandika: mazingira safi, mlezi mtulivu, hakuna tatizo.

Kesho yake nilikwenda kwa ile familia kumpasha mtoto habari njema. Alikuwa anachagua mawe kwenye mchele, akaendelea kuchagua.

"Nilifika kwa koko yako," nikamwambia.

"Alikupikia nini?"

Nilifungua mdomo nikagundua kwamba sijui. Sikuifunua ile sahani hata kidogo. Lakini mtu mwenye diploma hawezi kumwambia mtoto wa miaka tisa kwamba hajui.

"Kuku," nikasema.

Aliinua uso. "Koko anaogopa kuku. Hawezi hata kuwagusa. Kwake hakuna kuku."

"Labda siku hizi..."

"Basi haukufika kwa koko. Ulifika kwa mutu mwingine." Akarudi kwenye mchele wake. "Miye sitapanda pikipiki na mutu mwenye hamujui koko."

Mama wa nyumba ile alikohoa ili asicheke. Nilieleza kuhusu fishi, vyumba viwili, choo cha shimo. Mtoto hakunitazama tena.

Siku ya tatu motari akaleta karatasi ofisini. Ilikuwa safi, bila sahihi.

"Chefu alisahau?" nikauliza.

"Chefu hakusahau, Madamu. Chefu anakataa." Alivua kofia yake ya pikipiki kama mtu anayeleta habari ya msiba. "Anasema atatiaje mukono mutoto aende mu nyumba ambayo weye mwenyewe, mutu ya biro, uliogopa kula?"

"Sikuogopa! Ni maadili!"

"Maadili ilikula bisikuti?"

Akaendelea kunisimulia. Nyumba ile ilikuwa imezika mwana na mkwe ndani ya mwaka mmoja, halafu mjukuu akapotea. Maneno yalikuwepo tangu zamani, ya chinichini, kwamba yule mama mzee anamaliza watu wake. Hakuna aliyethubutu kuyasema mchana. Kisha akaja mwanamke aliyesoma, ana karatasi, anauliza maswali mengi, anaangalia huku na huku, na chakula kinapoletwa anakataa kukigusa, anatoa chake mfukoni. Kijiji kizima kilihitimisha jambo moja: biro imemchunguza, imemkuta na sumu. Mwanamke wa kitambaa cha manjano alikuwa amekiosha kiti chake kwa majivu.

"Na koko?" nikauliza.

"Hatoki. Hata kwenye maji anaenda wakati watu hawako."

"Na weye ulikuwa wapi?" nilimgeuzia hasira, kwa sababu yeye alikuwa karibu.

"Nilikuwa na gurudumu. Ningekuwa pale ningekula sahani yote, na ya kuifunika pia."

Hiki ndicho ninachotaka msomaji akione vizuri: mimi si mgeni wa nchi hii. Nimezaliwa hapa. Nikiwa mdogo nilimwona mama akirudi kutoka msibani akiwa ameshiba kupita kiasi, ameonja kwa kila mtu, akisema ukimruka mmoja umemtangaza kuwa mchawi. Sikuhitaji kozi ya utamaduni. Kosa hili mzungu asingelifanya, angekula akapiga na picha. Ilihitaji mtoto wa Kasongo aliyejitahidi miaka mitatu kusahau.

Jioni hiyo nyumbani, mama alinisikiliza huku anapepeta mpunga. Nilikuwa nimeandaa mpango: mkutano wa uhamasishaji, barua ya ufafanuzi yenye muhuri, na mimi nikisimama mbele ya kijiji kueleza maadili ya kazi.

"Utaeleza nini?" mama akasema. "Watu waliona kwa macho. Unataka kuwaondolea na karatasi?"

"Basi nifanye nini?"

"Uende na njaa."

"Kisha?"

"Hakuna kisha. Uende na njaa, uache ile mukoba hapa. Na usimufundishe mama ya watu kitu chochote."

Nilikwenda bila kula tangu jana yake mchana. Bila viatu vyeupe pia, navyo havikuwa vyeupe tena. Motari aliniacha kwenye uwanja uleule, akaenda kwa jamaa zake kijiji cha mbele, akiahidi kunifuata jioni.

Koko alikuwa anabangua karanga. Hakushangaa kuniona.

"Karibu, Madamu. Leo hakuna kiti."

Nikakaa kwenye mkeka.

"Fishi iko wapi?"

"Niliiacha."

"Na bisikuti?"

"Nazo niliacha."

Akaendelea kubangua. Nikachukua karanga nami nikaanza. Kwa kila moja niliyobangua yeye alibangua tano, na kucha yangu ya kwanza ilivunjika kabla sijamaliza kiganja. Nilitaka kuomba msamaha. Nilikuwa na hotuba nzuri, niliipanga njiani, ina utangulizi na hitimisho. Kila nilipofungua mdomo aliniangalia namna ambayo mdomo ulijifunga wenyewe. Nikakumbuka kitu kimoja tu ambacho aliwahi kuniuliza.

"Amekuwa murefu," nikasema. "Ananifika hapa." Nikajigusa chini ya bega. "Kovu bado liko, lakini nywele zinalifunika. Anachagua mchele haraka kuliko mwenye nyumba. Na ana mdomo."

Mikono ya koko ilisimama. "Mudomo namna gani?"

"Aliniambia sikufika kwako. Aliniambia nilifika kwa mtu mwingine."

"Kwa sababu gani?"

"Nilimwambia ulinipikia kuku."

Koko aliinamisha kichwa. Kisha akatoa mlio mfupi puani, na sikujua kama ni kicheko mpaka nilipoona mabega yake. "Kuku!" akasema. "Miye!"

Hapo tumbo langu, ambalo halikusoma maadili, likanguruma kwa sauti ya kuaibisha.

"Nani anaongea?" koko akauliza, akigeuka kama anatafuta mtu.

"Ni tumbo langu, koko."

Ndiyo mara yangu ya kwanza kumwita koko. Nilisikia neno likitoka.

"Linasema nini?"

"Linasema njaa inaniuma."

"Sisikii."

"Njaa inaniuma, koko. Naomba chakula."

"Miye nimesikia," akasema kwa upole. "Lakini jirani ya pale masikio yake si mazuri."

Nilielewa. Niliangalia uzio, nikamwona yule wa kitambaa cha manjano anajifanya anaanika mihogo. Nikasimama. Mimi, wa kwanza katika ukoo wetu kupata diploma, niliyekula maembe mabichi Bukavu ili nisiombe mtu yeyote, nilipaza sauti katikati ya uwanja: "Koko, njaa inaniua! Nipe chakula!"

Mbwa mmoja alibweka. Koko akaingia jikoni.

Alipika bugali na sombe, majani ya muhogo yaliyotiwa karanga zile tulizobangua. Akaleta sahani, imefunikwa kwa ileile yenye maua ya bluu, akaiweka mbele yangu. Nikanyoosha mkono.

"Bado," akasema.

"Koko, imeiva."

"Watu wako shambani. Wakirudi, utakula."

Nikangoja. Sijui ni muda gani, lakini naijua sahani ile: maua kumi na moja, moja limefutika nusu. Koko alikaa pembeni, mikono mapajani, kama mtu asiye na haraka yoyote duniani. Nilijifunza mbinu nyingi za usaidizi wa jamii kutoka kwa walimu wenye suti. Hakuna aliyejua kupanga kitu kama yule mama alivyoupanga mlo ule.

Jua lilipoanza kulegea walirudi, majembe begani, kuni kichwani, na walipoona pikipiki haipo lakini mimi nipo, wakapunguza mwendo. Koko alingoja mpaka uzio umejaa. Ndipo akafunua. Akaonja tonge la kwanza yeye mwenyewe, kama mwenye nyumba anavyopaswa, kisha akanisogezea.

Sikula kwa adabu. Wengine watasema nilifanya hivyo kwa ajili ya mashahidi. Ukweli ni kwamba nilisahau mashahidi. Niliramba vidole, niliongezewa, nikamaliza, nikaomba mchuzi wa chini ya chungu. Nilipoinua kichwa, yule wa kitambaa cha manjano alikuwa ameingia ndani ya uwanja bila yeye mwenyewe kujua.

"Huyu Madamu," akasema, "kwao hawapiki?"

Watu wakacheka. Koko naye akasema, bila kumtazama: "Sombe imebaki."

Yule mwanamke alisimama. Niliona anahesabu ndani yake vitu visivyokuwa sombe. Kisha akainama, akanawa, akakata tonge. Alitafuna polepole sana. Akakata la pili.

"Umeweka chumvi nyingi," akamwambia koko.

"Siku zote unasema vile," koko akajibu. Jirani akaenda nyumbani kwake. Alirudi na kiti.

Chefu alitia sahihi jioni hiyohiyo, juu ya goti lake, motari aliyeibeba karatasi akimshikia tochi ya simu. Kabla ya kuondoka nilimuuliza koko siku ile ya kwanza kulikuwa na nini chini ya sahani.

"Uyoga," akasema. "Wa karanga. Njo chakula mujukuu wangu anapenda. Nilikausha kidogo nikaweka, nikipata habari yake nipike. Nilisema weye utakula, utaenda kumwambia. Atajua ni miye."

Ndiyo kusema alikuwa amempelekea mjukuu wake barua, na mimi niliyetumwa kuibeba niliiacha kwenye mkeka nikala bisikuti.

Kasongo nilimkuta mtoto uani. Safari hii sikupamba.

"Koko alipika uyoga wa karanga," nikamwambia. "Sijui ulikuwa na ladha gani. Sikuufunua. Nilikataa kula, kisha nikakudanganya."

Aliweka ungo chini. "Ulikataa uyoga ya koko?"

"Ndiyo."

"Sababu gani?"

"Niliona mimi ni mkubwa."

Alifikiri. "Madamu, weye ni mujinga," akasema, bila hasira, kama daktari anayetaja ugonjwa. Mama wa nyumba akamkemea. Mtoto alikuwa tayari ameingia ndani kutafuta nguo zake.

Kwenye ripoti kuna mstari unaosema: mbinu zilizotumika. Niliandika neno moja, "Kula." Mkuu wangu akairudisha na kalamu nyekundu: eleza zaidi. Nimejaribu hapa.

Tulimpeleka kabla familia ile haijahamia Kindu, watatu juu ya pikipiki moja, mtoto katikati yangu na motari. Kwenye madaraja ya magogo alishuka akatutangulia. Tulipokaribia alianza kuimba kitu ambacho hakina maneno, na uwanjani hakusubiri pikipiki isimame. Sitaeleza walivyokumbatiana, niliangalia pembeni, na motari alikuwa ghafla na kazi kubwa kwenye mnyororo wake.

Sahani ilikuwa tayari kwenye mkeka, imefunikwa. Mtoto ndiye aliyeifunua. Aliinamisha pua, akafumba macho, kisha akachukua tonge la kwanza, akalichovya vizuri kwenye uyoga, akaninyooshea mimi.

"Anza weye," akasema. "Tukuone."

Uzio mzima uliniangalia. Nikala. Ulikuwa na chumvi nyingi, kama jirani alivyosema, na sijawahi kula kitu kama kile. Niliomba tena, nikaomba na mara ya tatu, na koko akaniita mjukuu mlafi mbele ya chefu.

Kurudi nilikuwa peke yangu nyuma ya motari. Kwenye kilima cha kwanza pikipiki ilikohoa, ikakataa. Akageuza kichwa.

"Tulikuja watatu, tunarudi wawili," akasema, "lakini uzito ni uleule. Shuka, Madamu, utembee."

Nikashuka, nikatembea.